Filamu ya kutisha, sehemu ya pili: kutoka dakika 74 hadi kurasa 126. Tunaboresha au tunaharibu?

Mpwani_wa_Dunda (Bagamoyo)

Wakuu, habari za jioni.

Swali langu ni kwa wanaoijua kazi ya filamu za bajeti ndogo, hasa za kutisha. Filamu yetu ya kwanza ina dakika 74. Nyumba moja ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, waigizaji watano, hadithi ya usiku mmoja, na jini mwenyewe ukijumlisha haonekani hata dakika 4. Iligharimu shilingi milioni 6 na ilipigwa kwa siku 14. Watu waliipenda. Malalamiko makubwa yalikuwa sauti, na kwamba "imeisha haraka".

Sasa skripti ya pili iko mezani: kurasa 126, maeneo 11 (yamo magofu ya Kaole, ufukweni, mikokoni na nyumba ile ile ya kwanza), waigizaji 19, mauaji 14, na jini kapewa historia yake tangu enzi za misafara. Hadithi inaanza alfajiri ya usiku ule ule wa filamu ya kwanza. Fedha zimepanda hadi milioni 18, siku za kupiga ni 16. Mwenye fedha anasema kubwa ndiyo bora, na mfano wake ni filamu ya kutisha ya Marekani, Terrifier 2, ambayo imeizidi Terrifier ya kwanza kwa karibu saa nzima na bado ikavuma. Mwandishi naye hataki kuguswa hata ukurasa mmoja.

Je, ukubwa na urefu huboresha kweli sehemu ya pili? Na tukiendelea na hii kama ilivyo, itavunjikia wapi? Naomba majibu ya kiufundi, kutiana moyo tuache kwanza.

---

Meza_ya_Mhariri

Mkuu, mfano ni mzuri, ila mwenye fedha wako kausoma nusu.

Terrifier ya 2016 ni dakika 85, karibu yote ni usiku mmoja, sehemu kubwa ndani ya jengo moja, na wanaouawa hatuwajui zaidi ya majina. Terrifier 2 ya 2022 ni dakika 138 kwa bajeti inayotajwa kuwa dola 250,000. Mauaji yameongezeka, ndiyo, lakini dakika zilizoongezwa zimekwenda zaidi kwa binti anayeitwa Sienna, pamoja na mdogo wake Jonathan na mama yao. Tunamwona binti akitengeneza vazi lake la Halloween kwa mikono yake, kipande kwa kipande, na mwisho ndilo vazi analosimama nalo mbele ya muuaji mwenyewe, yule mchekeshaji Art the Clown. Mtazamaji kakaa naye saa nzima kabla ya damu kumfikia, kwa hiyo akichomwa kisu, kinamuuma na aliyeketi kwenye kiti. Kwangu ni bora kuliko ya kwanza, na sababu ni Sienna. Urefu wenyewe umeiumiza: ile ndoto ya Clown Cafe inajirudia baada ya kueleweka, na pambano la mwisho lina miisho mitatu. Mkasi wa dakika 20 usingemwacha mtu na swali.

Sasa kile ambacho mwenye fedha hakioni kwenye kioo. Damien Leone, mwenye Terrifier, aliandika, akaongoza, akahariri, na yeye mwenyewe ni fundi wa majeraha. Kazi ya watu wanne haikulipiwa mishahara minne. Na upigaji ulianza 2019, korona ikaukatiza, ukaendelea baadaye. Ukubwa ule ulinunuliwa kwa muda mrefu. Ninyi mna siku 16.

Kuna njia nyingine ambayo watu huisahau. The Evil Dead ya 1981 ni dakika 85. Evil Dead II ya 1987 ilipata fedha karibu mara tisa, na ni dakika 84. Mwongozaji wake, Sam Raimi, hakuongeza dakika hata moja. Fedha zilikwenda kwenye kila fremu: kibanda kile kile msituni, mtu yule yule, lakini sasa nyumba nzima inacheka na mkono wake mwenyewe unampiga. Mwongozaji George Romero naye alitoka dakika 96 za Night of the Living Dead (1968) hadi 127 za Dawn of the Dead (1978), na ikasimama. Tazama alichofanya lakini: alihama nyumba ya shamba akaingia jengo moja la maduka, wakapiga usiku maduka yakiwa yamefungwa. Eneo kubwa, ila kwa sehemu kubwa ya filamu ni moja. Taa zikishafungwa, kesho unaendelea pale pale. Kinyume chake ni sehemu ya pili ya The Blair Witch Project: fedha zikafika dola milioni 15 na ile kamera ya mkononi iliyowatia watu baridi wakaitupa. Wakabaki na filamu ya kawaida yenye jina kubwa.

Kwa hiyo jibu langu: ongezeni upande mmoja tu. Ama mtu, ama eneo, ama ufundi. Skripti yako imeongeza vyote vitatu na siku mbili.

Hesabu yenyewe ni hii. Kurasa 126 kwa siku 16 ni karibu kurasa 8 kwa siku. Sini za mazungumzo ndani ya chumba, kikundi kidogo kilichozoeana kinaweza kurasa 6. Sini za wasiwasi, mtu na tochi ukumbini, hesabu 4. Sini za damu, maji au mekapu nzito, 3 ukiwa na bahati. Ukitaka siku 16 zitoshe: kurasa 54 za kawaida (siku 9), 16 za wasiwasi (siku 4), 9 za mauaji (siku 3). Jumla kurasa 79. Na usiogope kwamba itakuwa fupi. Ile kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja haifanyi kazi kwenye kutisha. Mstari unaosema "Anapanda ngazi, anasikiliza" ni dakika mbili za filamu. Kurasa 79 zitakupa dakika 90 hivi. Kurasa 126 zitakupa saa mbili na nusu, na hapo hata mimi nitatoka nje kuvuta hewa.

Kama mwandishi habadiliki, msibishane naye kwa maneno. Wakae waigizaji, skripti isomwe yote kwa sauti, simu irekodi. Penye kimya mtu atembee kweli, afungue mlango kweli, kwa kasi ya filamu. Weka sauti hiyo kwenye programu ya kuhariri na picha za maeneo juu yake, kisha mwite aitazame mwanzo hadi mwisho bila kuinuka. Kazi ya siku mbili, gharama ni chai na maandazi.

---

Kibanda_Umiza

Wachangiaji wametaja Marekani tu, tusisahau kwetu. Soko la Bongo lilizoea "sehemu ya pili" kuwa nusu ya filamu ile ile: hadithi moja inakatwa katikati, unauziwa diski mbili. Mtazamaji akiona namba 2 kwenye bango anadhani anamaliziwa deni. Sehemu ya pili yenye urefu wa kuchosha inathibitisha hofu yake.

Halafu kuna hesabu ya kibanda cha video. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, filamu ya dakika 90 inaonyeshwa mara tatu na watu wanapata muda wa kutoka na kuingia. Ya dakika 150, mara mbili. Mwenye kibanda atachagua ipi?

Na tafadhali, jini asikemewe na shekhe au mchungaji dakika ya mwisho akaanguka kama gunia. Tumeshiba.

---

FundiDamu_Magomeni

Nimeona "mauaji 14" nikaacha kusoma mengine. Ngoja niseme upande wangu, maana hapa ndipo siku 16 zinapoliwa.

Kila mauaji yenye damu, chukulia mipigo mitatu ya kamera. Baada ya kila mpigo: mwigizaji anaoshwa na kubadilishwa nguo, sakafu inafutwa, mrija unajazwa upya, mekapu inarekebishwa. Dakika 40 ni wastani wa watu wanaojua wanachofanya. 14 mara 3 mara 40 ni dakika 1,680, yaani saa 28. Karibu siku tatu kati ya 16 ni za kufuta sakafu, kamera imezimwa na watu wote wanakula posho.

Punguzeni yawe matano. Mawili ya damu nyingi, moja ambalo hatulioni (mlango umefungwa, tunasikia tu), moja la haraka la kushtua, na moja la mwisho la mtu tunayempenda. Hayo mawili makubwa myape fedha za tisa yaliyofutwa.

Damu zenyewe ni za aina mbili, msizichanganye.

Ya mdomoni: sukari kilo 1, maji nusu lita, chemsha mpaka sukari iyeyuke yote, acha ipoe. Rangi nyekundu ya chakula, ile ya unga, kijiko kimoja cha chai (ile ya maji kwenye vichupa ni hafifu, utamaliza vichupa kumi). Kakao kijiko kimoja cha chakula, ikorogwe kwanza pembeni kwa maji ya vuguvugu, la sivyo inaelea mabonge. Kisha rangi ya bluu matone mawili matatu. Kakao na bluu ndizo zinazoondoa ule wekundu wa sharubati ambao taa za LED huugeuza kuwa waridi. Inatoka kama lita moja. Ubaya wake: inanata, na hapa Bagamoyo ikikaa dakika kumi chini, sisimizi na nzi wamefika kabla ya muongozaji.

Ya nguo, ukuta na sakafu: usitumie sukari. Nenda kwa wanaouza malighafi za sabuni ya maji, nunua CMC, ule unga wa kufanya sabuni iwe nzito. Maji lita 10, CMC gramu 100 hadi 150. Nyunyiza kidogo kidogo huku mwenzako anakoroga kwa nguvu. Ukiimwaga kwa pamoja inafanya madonge ambayo hayayeyuki kamwe. Iache usiku mzima, asubuhi inakuwa laini kama uji mwepesi. Ndipo utie rangi. Hii isiingie mdomoni wala machoni, ni bidhaa ya sabuni. Na isikae siku nyingi, kwenye joto letu inaanza kunuka na kuwa nyepesi. Pika leo kwa ajili ya kesho na keshokutwa.

Ya kuruka: bomba la kunyunyizia dawa shambani la lita 16, jipya, halijawahi kuona sumu. Toa pua yake, funga mpira laini wa milimita 8, upitishe chini ya nguo mpaka kwenye jeraha. Hapa damu iongezwe maji kiasi cha theluthi, na isiwe na kakao, maana kakao inakaa kwenye vali na kuziba. Kabla ya mpigo, sukuma mpaka mpira ujae na hewa yote itoke. Hewa ikibaki, damu inakohoa badala ya kuruka na watu watacheka. Fanyeni jaribio kwa maji matupu, nje, kamera ikiwa imewashwa ili mjue inafika wapi. Lenzi ifunikwe kwa kioo cha bei rahisi.

Majeraha na sura ya jini: jelatini sahauni. Inaanza kulainika kwa joto la mwili pamoja na jasho, na kufikia saa tano za usiku wa Januari shavu la jini litakuwa shingoni. Tumieni lateksi na karatasi laini ya chooni, tabaka nne, kila tabaka likaushwe kwa mashine ya nywele kwenye hewa ya baridi. Hewa yetu ina unyevu, kwa hiyo tabaka moja halikauki chini ya dakika kumi. Jaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wa mwigizaji siku moja kabla, wapo wanaovimba. Nyusi zipakwe mafuta mazito ya mgando, vinginevyo zitatoka na barakoa. Na msitengeneze sura nzima kipande kimoja: paji, mashavu, kidevu, vipande vitatu. Jasho linapata pa kutokea. Barakoa nzima inageuka mfuko wa maji.

Kaole. Jiwe la matumbawe lina vinyweleo, rangi ya chakula ikiingia haitoki kwa brashi wala sabuni. Pale kuna msikiti na makaburi ya karne nyingi, na wako watu wanaokwenda kuomba dua. Hakuna tone la damu linalopaswa kumwagwa pale, hata mkiwa na kibali. Pigeni Kaole sini za kutembea na kutazama tu. Kaburi la kuchimbuliwa jengeni wenyewe kwa mbao na mchanga kwenye kiwanja cha mtu, ukuta wa nyuma uwe bodi iliyopakwa saruji nyepesi na mchanga wa pwani. Gizani hakuna atakayejua.

---

Raskazone_Sauti (Tanga)

Nakubaliana na Mhariri kwenye kurasa, simkubalii kwenye jambo moja. Anasema ongeza upande mmoja, kisha upande wenyewe anauweka kwa mtu, eneo au ufundi kana kwamba vina uzito sawa. Malalamiko ya watazamaji yameandikwa hapo juu: sauti. Paranormal Activity ya 2007 ilitengenezwa kwa dola 15,000, na sini za usiku chumbani kamera imesimama tu juu ya stendi ya miguu mitatu. Kinachokutoa jasho ni mngurumo mzito kabla mlango haujasogea. Sehemu yake ya pili ilipata dola milioni 3 na haikuacha kutumia ujanja huo. Kwenye milioni 18 zenu, sauti isipopata milioni moja na nusu kamili, hayo mengine ni mapambo.

Mambo ya pwani ambayo hayamo kwenye vitabu:

Upepo. Kusi inavuma kuanzia Aprili mpaka Septemba, na miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ya baridi. Mekapu inaupenda msimu huo, maiki inauchukia. Kaskazi ni joto, barakoa zinabanduka. Mkiweza kusubiri maleleji, upepo ukiwa haujashika upande wowote, mtapata nafuu kwa yote mawili, ila angalieni mvua za vuli. Kwa vyovyote vile maiki ivae manyoya, sponji peke yake ufukweni ni sawa na kutovaa kitu. Rekodi kilele kisizidi desibeli hasi 12, maana jini wenu atapiga kelele ghafla na sauti iliyopasuka hairekebishwi. Kila eneo, kabla hamjafungasha vifaa kuondoka, wote wanyamaze sekunde 60 mrekodi ukimya wa mahali pale. Mhariri wenu atawaombea dua.

Maji. Sini ya ufukweni ya kurasa tano haipigwi kwa usiku mmoja bila mpango. Siku za bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu hujaa alfajiri na alasiri, na kuelekea saa nne au saa tano usiku maji yamekupwa. Bagamoyo ufukwe ni bapa: bahari inakwenda mbali sana, mawimbi hayasikiki, na taa zenu zinamulika tope. Kama skripti inasema mawimbi yanapiga usiku wa manane, tafuteni siku za maji mafu ambapo kujaa kunaangukia usiku, ingawa hakupandi sana. Kila siku kujaa kunachelewa kama dakika 50, kwa hiyo sini ikivuka usiku wa pili saa ya jana haifai. Anzeni na picha za mbali zinazoonyesha maji. Picha za karibu mgeuze kamera kuelekea nchi kavu, bahari iwe nyuma ya kamera.

Jenereta. Mita 50 na ukuta katikati, siyo nyuma ya gari. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba. Ukitumia waya mwembamba wa nyumbani kwa umbali huo unapata moto na taa zinazopepesa. Kwa taa za LED mbili za wati 200, betri kubwa mbili za sola na inveta zinatosha usiku mzima wa sini za ndani, na kimya kinabaki kimya.

Jua letu linazama haraka. Dakika 20 na kitu baada ya magharibi ndizo za bluu nzuri ya bure, pangeni picha za nje za nyumba hapo, moja kwa siku. Usiku wa uongo mchana unawezekana mikokoni: jua liwe nyuma ya mwigizaji, mbingu isionekane kabisa, punguza mwanga stopu mbili (yaani ubaki robo), na mizani ya rangi nyeupe (white balance) ya kamera iwekwe 3200 K. Saa sita mchana usijaribu, vivuli vinakaa chini ya macho na kila mtu anajua ni saa sita mchana.

La mwisho, mayowe. Mwenyekiti wa mtaa, mjumbe na polisi wapewe taarifa ya maandishi yenye tarehe na saa, mbali na kibali cha Bodi ya Filamu na cha wasimamizi wa magofu. Mwanamke akipiga yowe saa saba usiku Dunda, watu wanatoka na marungu, na hawana habari na kamera yako. Mapanga ya kuigizia yasibebwe wazi kwenye bodaboda.

---

Mpwani_wa_Dunda

Aisee, nashukuru sana wakuu. Nimefanya hesabu na mwenye fedha ameanza kulegea. Zile saa 28 za kufuta sakafu ndizo zilizomgusa. Maswali mawili yamebaki.

Moja: historia ya jini ina kurasa 18, ndiyo roho ya mwandishi. Inabaki au inaondoka?

Mbili: kwa kuwa hadithi inaanza alfajiri ile ile, dada mhusika mkuu anaamka na khanga ile ile na mmoja wa wanaume na kanzu nyeupe ile ile yenye damu. Kanzu ya zamani imefuliwa, khanga haijulikani iliko.

---

Meza_ya_Mhariri

Historia iondoke. Filamu ya kwanza ilimficha jini na ikafaulu kwa sababu hatukujua anataka nini. Kumficha tena haiwezekani, umbo lake limeshajulikana, kwa hiyo mwonyesheni mapema, dakika kumi za mwanzo, kwa mwanga. Hofu mpya itoke kwenye sharti jipya. Kama ya kwanza hakuweza kuvuka kizingiti cha nyumba, hii ya pili avuke. Sharti moja, likiwekwa wazi mapema, na kila sini ilijaribu. Kurasa 18 za misafara ni mavazi ya zamani, wahusika wa ziada, na siku nne. Ibakie kurasa mbili: bibi mmoja anaanza kusimulia na hamalizi. Mwandishi akilia mwambie azihifadhi, kuna watu waliofika sehemu ya kumi.

Kumbukeni pia hifadhi ya picha. Kamera ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Mkipiga mara sita ya urefu wa filamu ya dakika 90 ni saa 9, GB 405, na nakala ya pili kwenye diski nyingine inayolala nyumba nyingine. Kwa zile kurasa 126 mngekaribia GB 700 kabla ya nakala.

---

DadaWaMwendelezo

Nijibu hilo la nguo, maana ndilo litakaloonekana dakika ya kwanza.

Khanga: chapa hazirudi madukani. Ikiisha imeisha, na maandishi ya jina lake yanasomeka kwenye picha, watazamaji wetu wanayasoma kuliko wanavyosoma majina ya waigizaji. Chukueni fremu safi ya filamu ya kwanza, mpite nayo kwa wauza khanga wa jumla Kariakoo. Wakati mwingine kuna mabunda ya chapa za nyuma. Isipopatikana, msinunue inayofanana. Andikeni sini fupi: dada anaivua khanga yenye damu gizani, tunaona mgongo tu, anajifunga nyingine. Hiyo mpya nunueni doti tatu, siyo doti moja. Doti moja ni vipande viwili na mna mipigo mitatu.

Kanzu ni rahisi zaidi: nne zinazofanana, bei ya chini, zote zifuliwe mara mbili kabla ya kupigwa ili zisionekane za dukani. Damu ya alfajiri si nyekundu tena. Ongezeni kakao mara mbili kwenye ile ya sukari, pakeni kwa sponji kufuata ramani ya madoa ya filamu ya kwanza, ikaushwe juani. Choreni ramani hiyo kwenye karatasi: mbele, nyuma, mikono yote miwili. Kanzu namba 1 na 2 ni za alfajiri, 3 na 4 ni safi hadi mauaji ya kwanza. Namba iandikwe ndani ya ukosi.

Na yule jamaa anyoe au asinyoe kama alivyokuwa siku ya mwisho ya filamu ya kwanza. Mwambieni leo, ndevu zinahitaji wiki tatu.